Picha ya Kadi ya Mazishi ya Baba Mkwe

Burgi shoga yangu, nimekwisha. Nimejifungia chooni kwenye kibanda cha mlimani na sitoki.

Picha ya baba mkwe sina. Hata moja.

Si unakumbuka alivyosema, "Kadi yangu ya mazishi, ile watakayogawiwa waombolezaji, msiniwekee picha ya kitambulisho. Nataka nionekane kwenye skii, nateleza thelujini." Leo ndiyo kateleza mara ya mwisho, keshokutwa anapasuliwa goti. Ana miaka themanini na moja.

Na kamera nilichagua mimi. Muuzaji alinionyesha ile nene yenye vitufe, akasema, "Hii unabonyeza hata na glavu." Nikang'ang'ania nyembamba ya kugusa kioo, eti inaingia mfukoni.

Mfuko wa nje, Burgi. Kwenye baridi ile. Mimi niliyezaliwa hapa, ninayejua baridi huua betri, hukaa kifuani ipate joto. Simu nayo nilikuwa nimeiacha huku kibandani, ya nini wakati nina kamera.

Baba kashuka kama kijana, kainua fimbo za skii juu, ananiita, "Vroni, sasa!" Nikavua glavu kwa meno, nikagusa kioo. Kimezima. Nikaogopa kumwambia, nikajifanya napiga picha.

Nilijifanya napiga, Burgi.

Tulipokaa mezani akaninyang'anya kamera, na miwani hakuvaa. Kioo cheusi kinang'aa, akaiona sura yake mwenyewe humo. Akaitazama weee.

Akasema, "Hiyo hiyo, mkwe wangu. Wasije wakaweka nyingine."