Saa ya Kamera ya Bwana Usicheke

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mama Pindo, kama wateja wake wote wanavyomwita
Umri: Miaka 61
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Vyumba viwili nyuma ya soko la nguo, mlango wa bluu
Uhusiano na aliyepotea: Mkewe
Mwandishi: Koplo wa zamu, Jumapili tarehe 15, kuanzia saa 1:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili zangu timamu ingawa sijalala. Nitasema upesi na wewe afande uandike upesi, kwa sababu wenzako wako mtoni wanamtafuta mume wangu mahali ambapo hayupo.

Mume wangu ana miaka sabini na mbili. Kwa miaka thelathini na tano alikuwa na studio ya picha za pasipoti na vitambulisho. Picha hizo hazitaki meno, kwa hiyo kutwa alikuwa akiwaambia watu, "Usicheke." Ndiyo maana mji mzima unamwita Bwana Usicheke. Tangu apate kiharusi kidogo mwaka jana amekuwa msahaulifu. Mimi hajanisahau, lakini miwani huitafuta ikiwa puani. Daktari alimwambia atembee, basi kila Jumamosi tunafuata mto polepole mpaka kwenye lile daraja la mawe la zamani, anapiga picha zake, tunarudi. Njia ni tambarare, hata mtu mwenye mimba ya miezi tisa anaipita.

Mnamo tarehe 14, yaani jana, tulitoka nyumbani saa moja kamili asubuhi. Saa mbili na robo tulikuwa darajani. Nilikaa kwenye ukuta mfupi wa daraja, akanielekezea kamera, akasema, "Usicheke." Nikacheka. Miaka arobaini naambiwa neno hilo na miaka arobaini nacheka. Akapiga.

Kisha akasema anashuka kupiga matao kwa chini. Nikamwambia, "Usipite zaidi ya ule mti ulioanguka kule chini." Akanijibu, "Mimi si mwanao, ni mumeo." Hiyo ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Wiki nzima nilikuwa nashona sare za shule, na ule ukuta ulikuwa na jua zuri. Nilisinzia. Nalisema mwenyewe ili asije akalisema mtu mwingine. Nilipozinduka ilikuwa saa tatu na nusu, na chini ya matao hapakuwa na mtu.

Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Saa sita mchana nilifika hapa kituoni. Nilikaa kwenye benchi hilo nikilia mpaka saa kumi, na wewe mwenyewe ulinipa maji ya kunywa.

Saa kumi na moja na nusu jioni mfyatua matofali alileta kamera. Aliikuta imetundikwa kwenye kisiki kando ya matanuri ya matofali, mwendo wa nusu saa kutoka darajani. Ulifungua picha ya mwisho. Ilikuwa ya tanuri, mchana kweupe, na pembeni imeandikwa 4:10. Ukaniambia, "Mama, saa kumi na dakika kumi jioni hii alikuwa mzima. Hayuko mbali." Nilikushika mikono yote miwili nikakushukuru.

Pale kwenye matanuri kuna mawe ya kuvukia mto. Bwawa la huko juu hufungulia maji kila siku saa nane mchana, na yakishafika pale mawe yote huzama mpaka asubuhi. Mkasema kwamba saa kumi jioni asingeweza kuvuka, kwa hiyo ama yuko upande wetu, ama yuko ndani ya maji. Mmepekua upande wetu kichaka kwa kichaka. Tangu alfajiri mnachokonoa maji kwa miti mirefu. Nimeiona hiyo miti. Naomba nisiulizwe zaidi kuhusu miti.

Leo saa moja na robo asubuhi ulinipa kamera nitafute picha yake ya kutangazia. Nikabonyeza kurudi nyuma, moja, mbili, nikajikuta mimi, nimekaa ukutani, nacheka. Pembeni imeandikwa 2:20.

Afande, kwa hesabu yako hiyo ni saa nane na dakika ishirini mchana. Saa hiyo nilikuwa kwenye benchi hilo, macho yamevimba. Nitachekaje darajani?

Mume wangu huiweka saa kama anavyoitamka. Kwake saa mbili mshale unakaa kwenye mbili. Saa yake ya mkononi iko hivyo, ya studio ilikuwa hivyo, na wateja walimtania mpaka wakachoka. Alikuwa akisema hawezi kutazama nane akatamka mbili, yeye si mlevi. Kamera nayo akaiweka hivyo hivyo. Nimeishi na saa hizo miaka arobaini, na jana ulipotaja saa kumi nilipaswa kukukatiza. Sikukukatiza kwa sababu ulikuwa umenipa mume aliyekuwa hai muda mfupi tu uliopita, nikampokea. Roho inaniuma kwa hilo kuliko kule kusinzia kwangu.

Basi tanuri alilipiga saa nne na dakika kumi asubuhi, na saa nne mawe yalikuwa makavu. Amevuka. Kamera aliitundika ili afunge kamba za viatu, akaisahau, namjua. Saa nane maji yakamfungia njia.

Na ninajua alikokwenda. Ng'ambo kuna machimbo ya zamani, ndiko yalikochongwa mawe ya daraja. Wiki tatu mfululizo ananiambia, "Daraja nimelipiga picha vya kutosha, sasa nataka kuona lilikozaliwa." Nilimwambia miguu yake haifiki huko. Kule hakuna njia, ni vichaka na mashimo. Amevaa koti la kahawia nililomshonea mimi, lina mifuko minne. Dawa zake za presha ninazo humu kwenye mkoba. Alitakiwa ameze jana jioni na leo asubuhi, na usiku ulikuwa wa baridi. Waache maji. Nakupigia magoti mwanangu, weka kalamu chini ushike redio.

(Koplo ametoka chumbani saa 1:45, amerudi saa 1:50.)

Umesema wanavukia darajani. Ahsante. Niongeze jambo moja: wasimwite "mzee". Akiitwa mzee hujifanya kiziwi. Wamwite Bwana Usicheke.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimeyasema kwa hiari yangu, na kama kuna nilichoruka, ni kile kilichopita wakati nimesinzia.

Saini ya shahidi: ..............................

Maelezo ya Koplo: Picha ya 4:10 niliisoma mimi, na sikumuuliza mtu anayeijua kamera. Saa 2:35 asubuhi, nikiwa namsomea shahidi maelezo yake, askari wameripoti kwa redio kutoka machimboni. Wameita kama walivyoelekezwa, na sauti ya mwanamume imejibu kutoka shimoni, "Nani anacheka?" Nilipomgeukia shahidi nimpe kalamu asaini, mkoba ulikuwa juu ya meza, umefunguliwa. Dawa hazimo, na shahidi hayupo.