Ndiyo Mbili za Mama Ruthi

Mpendwa Mama Ruthi,

Leo asubuhi nimejikuta nimevaa viatu vyangu vyeupe vya kazi. Nimefika mpaka mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba nyumba yako imeshauzwa, na mzee ninayemtunza siku hizi ananingoja mchana, si asubuhi. Nikarudi kukaa jikoni, hapa mtaani kwetu Okolona, viatu bado miguuni. Watoto wangu wako shuleni, na hata wangekuwepo wangenijibu kwa Kiingereza. Basi nakuandikia wewe. Nakuandikia kwa Kiswahili, ambacho wewe ulijua "pole" na "karibu" tu, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazi: dawa, bili, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Haya ninayotaka kukuambia hayaenei humo.

Nina habari za watoto wako.

Ulikuwa ukiniita binti yako wa mchana. Lea, binti uliyemzaa, alikuwa mbali Buffalo kwenye theluji yake, na mwanao Danieli alikuwa Westerville, kule Columbus, Ohio. Mimi nilikuwa karibu. Danieli alipiga simu kila Ijumaa kabla ya Sabato yenu kuingia, Lea kila Jumatatu wakati wa mapumziko yake ya chakula. Masikio yako yalikuwa yamechoka, donc nilikuwekea simu kwa sauti kubwa, nami nikasikia yote. Mwanzoni nilisikia bila kutaka. Baadaye nilikuwa ninapunguza maji ya bomba ili nisikie vizuri.

Ilikuwa 2014, Amerika ikiwasukuma Waisraeli na Wapalestina wakae mezani wapatane. Danieli alisema, "Mama, wanawalazimisha ndugu zetu watie sahihi jambo litakalowaua. Roketi zikianguka, si sisi wa Ohio tutakaokimbia na watoto. Sisi wa mbali tuwaunge mkono, tunyamaze." Nawe ukajibu, "Ndiyo, mwanangu. Unasema kweli." Jumatatu Lea akasema, "Mama, sisi wa mbali ndio tunaopaswa kusema. Wapalestina wanataka nchi yao kama babu zetu walivyotaka yao. Tukinyamaza, tunatia sahihi vita." Nawe, kwenye kiti kilekile, ukasema, "Ndiyo, mwanangu. Unasema kweli."

Nikakuuliza, "Sasa Mama, ndiyo ipi ni yenyewe?"

"Niletee chai," ukasema. Mjanja wewe. Ulikunywa kikombe kizima kabla ya kunijibu. "Zote mbili ni zenyewe. Ijumaa ninaogopa. Jumatatu ninaona aibu. Na nikimwambia mmoja hapana, atakata simu, nami nitabaki na kuta hizi."

Siku nyingine ulinigeuzia maswali. "Na kwenu Kongo, amani husainiwa wapi?" Nikakuambia, hotelini, Mama, katika miji ya watu wengine. Niliwahi kushangilia amani ya namna hiyo pale Uvira, nikacheza barabarani na mtoto mgongoni, na kabla mtoto hajaanza kutembea tulikuwa tumekimbia tena. Hukunipa pole siku hiyo. Ulinishika kifundo cha mkono, ukanishikilia mpaka taarifa ya habari ikaisha. Nilipenda hivyo. Nilikuambia pia kwamba kanisani kwetu huombea Israeli kila Jumapili, ukacheka mpaka ukakohoa, ukasema kwamba kanisani kwetu Wayahudi bado wanatembea jangwani na Musa, hakuna aliyetuambia kwamba wana watoto kama Danieli na Lea.

Pasaka ya mwaka ule ndiyo iliyovunja nyumba. Nilikuwepo, nilikuwa ninakata figili jikoni. Mazungumzo yale ya amani yalikuwa yanakufa kule, na mezani kwako Lea akasema kosa ni la serikali ya Israeli, Danieli akasema kosa ni la watu kama Lea. Akachukua koti, akaendesha gari mpaka Columbus bila kumaliza supu. Kiangazi kikaja na vita vya Gaza, na wawili wale hawakusemezana tena. Mwaka uliofuata ulitumia akili yako yote. Kwa kuwa ninyi mnaokaa nje ya Israeli mna karamu mbili za Pasaka, jioni ya kwanza na ya pili, ulimpa Lea ya kwanza na Danieli ya pili. Katikati yake tulibadilisha mashuka. Uliniambia, huku ukinitazama nikifunga foronya, "Tazama, nami nimegawa nchi." Sikujua kama nicheke.

Ukafa majira ya baridi. Walikaa siku zao za kilio katika nyumba moja, vioo vimefunikwa kwa desturi yenu, Lea sebuleni, Danieli chumba cha kulia. Halafu simu zikaanza kunijia mimi. Danieli alitaka kusimama mbele ya sinagogi lake aseme kwamba mama yake alifikiri kama yeye. "Wewe ulikuwa naye kila siku. Alikuwa upande wangu, si ndivyo?" Lea naye alitaka kusema hivyohivyo mbele ya watu wake wa Buffalo. Kila mmoja alikuwa na ndiyo yako mkononi, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuishika.

Bon, ningefanya nini? Niliwajibu kwa desturi ya kwetu. Kwetu neno la marehemu halipelekwi kwa mtoto mmoja pembeni. Linangoja siku ya kuondoa matanga, watoto wote wamekaa pamoja, wamekula, ndipo aliyemuuguza marehemu anasema alichosikia. Mkilitaka, nikawaambia, njooni wote wawili. Danieli aliuliza kama Lea angekuwepo. Lea alisema, "Hatakuja." Lakini ninyi pia mna siku yenu ya kufunua jiwe la kaburi, na hakuna mtoto anayeikosa.

Walikuja, Mama. Kitambaa kikaondolewa, jina lako likaonekana, wakaweka vijiwe vyao juu, nami nikaweka changu. Kisha nikawapeleka kwangu. Nilikuwa nimenunua sufuria mpya na sahani za karatasi kwa ajili ya Danieli, anayeshika miiko yenu ya chakula, na samaki wa magamba kama ulivyonifundisha. Sombe, yale majani ya muhogo, haikuwa na nyama. Wakala bugali wa muhogo kwa uma, mmoja upande huu wa meza, mwingine upande ule.

Walipokula nikasema, "Mama yenu aliwaambia nyote ndiyo."

Danieli aliweka uma chini. "Kwa hiyo alikuwa ananifurahisha tu."

"Hapana. Ijumaa alikuwa anaogopa pamoja nawe, kweli kabisa. Jumatatu alikuwa anaona aibu pamoja na dada yako, kweli kabisa. Na siku zote mbili alikuwa anaogopa kwamba mmoja wenu atakata simu."

Lea alijifunika uso. Niliona nimewanyang'anya wote wawili kitu walichokuwa wanalalia, na nikajuta. Kisha Danieli akauliza polepole, "Aibu ya nini?" Hakuniuliza mimi. Alimuuliza dada yake.

Lea akaanza kusema: nyumba za Wapalestina zilizobomolewa, watu wanaopangwa foleni na askari ili waende kazini. Danieli akajibu: mabasi yaliyolipuliwa, shangazi yao wa Haifa anayekimbia roketi. Sauti zikapanda. Jirani wa juu akagonga sakafu. Halafu Danieli akasimama, na koti lake lilikuwa palepale kwenye kiti, nami nikasema moyoni, basi, imekwisha. Akapita karibu na koti. Akaenda kwenye sufuria, akajiongezea bugali, akarudi, akakaa.

"Endelea," akamwambia.

Hawakupatana. Nisikudanganye, na kule Israeli pia hawajapatana. Walibishana mpaka samaki akabaki mifupa, na mimi nikasimama kwenye sinki, maji nimeyafunga, ninalia na kusikiliza. Walipoondoka nyumba ikawa kimya, nikachukua simu. Namba yako bado imo. Nilitaka kukupigia, Mama, nikuwekee sauti kubwa, nikuambie kwamba Danieli amekula mara mbili. Habari uliyoingoja miaka yote imekuja kwangu, na mtu wa kumpa ni wewe peke yako.

Pumzika, Mama Ruthi. Hakuna aliyekata simu.

Binti yako wa mchana