Punda Akikataa

Jumanne, mwezi wa nane. Jua kali, upepo wa vumbi, kichwa kinaniuma tangu asubuhi.

Leo jirani ameniita Mama Mutanu, kwa jina la mtoto wangu mdogo.

Hakuwa na nia mbaya, najua. Wanawake wa kanisa walianza kuniita hivyo polepole baada ya mazishi, mmoja, halafu mwingine, sasa hata yule wa duka la unga. Wanafikiri wananihurumia. Mimi ni Mama Wayua. Wayua ndiye aliyenifanya mama, na hajaacha kuwa mtoto wangu ati kwa sababu amezikwa. Lakini niliitika, ningefanya nini? Nilinunua chumvi, nikarudi nikakaa jikoni na hasira ya kutosha kuchemsha maharagwe bila kuni.

Wacha niandike. Hapa angalau hakuna mtu wa kunikatiza.

Kama ni mara yako ya kwanza kusoma haya: mwezi wa nne mto ulimchukua binti yangu mkubwa. Mto wetu huku Mbumbuni ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Tunachimba shimo kwa mchanga, maji yanajikusanya taratibu, tunachota kwa kikombe tunajaza mitungi, punda anabeba. Ni kazi ya watoto. Mimi niliifanya, mama yangu aliifanya. Hatari yake ni kwamba mvua inaweza kunyesha huko milimani na huku kwetu mbingu iwe safi kabisa, halafu maji yashuke yote kwa mara moja. Binadamu husikia akiwa amechelewa. Punda husikia mapema. Ndiyo maana kila mtoto wa hapa hulelewa na sheria hii: punda akikataa, na wewe kataa.

Punda wetu anaitwa Chifu, kwa sababu haharakishwi na mtu.

Likizo ya mwezi huo dada yangu Mwende, anayekaa Mtito Andei, alituletea mtoto wake Shantel. Mwende anakaa nyuma ya vituo vya petroli, malori yanaingia na kutoka mchana na usiku, na kila siku ni sura mpya. Kwa hivyo mtoto akitoka shule mlango unafungwa, televisheni inawashwa. Akitaka peremende analetewa. Miaka tisa, na alikuwa hajawahi kukanyaga mchanga wa mto. Alipotoka na Wayua na Mutanu wangu mdogo, nilifurahi sana. Nilisema leo huyu naye atachafuka.

Sikumwambia mambo ya punda. Haikunijia hata kidogo. Nani humwambia mtoto wa miaka tisa kwamba moto unachoma?

Yaliyofuata nimeyapata kwa Mutanu, kidogo kidogo. Walifika ukingoni, Chifu akasimama. Wayua akasimama, Mutanu akasimama. Shantel alikuwa ameshashuka mbio, anajigaragaza kwa mchanga, anacheka peke yake. Walimwita. Alifikiri ni mchezo, akakimbilia katikati zaidi. Hapo Wayua akampa Mutanu kamba ya punda, akamwambia ashike asiachilie hata aone nini, akashuka. Maji yakawakuta katikati. Alimsukuma Shantel mpaka akafikia mizizi ya mti kule ukingoni. Shantel akashika.

Wayua mwenyewe hakufikia.

Watu wa kuchimba mchanga ndio walimwona kesho yake, mbali kule chini.

Siku ya mazishi mchungaji aliomba Mungu awape wazazi hekima ya kulinda watoto wao, na nikaona macho yakigeuka upande wangu. Tangu hapo kijiji kimejaa mageti. Nyumba haina hata choo kizuri lakini ina geti la mabati. Watoto hawapandi miti tena, hawaendi na manati, hawatumwi hata kwa jirani kuomba moto. Wanakaa ndani na simu za mama zao na kila mtu anasema Mungu ni mwema, wako salama. Baba Wayua naye aliweka geti. Sikumkataza. Nilienda naye sokoni kuchagua kufuli.

Na Mwende. Tulikuwa tunaosha vyombo vya matanga, mimi na yeye tu, akasema kile wengine walikuwa wanameza.

"Kama Wayua angekuwa anakaa nyumbani kama watoto wa watu, angekuwa hai."

Niliweka sufuria chini.

"Na wako angekuwa wapi?"

Hajanipigia simu tangu siku hiyo. Mimi pia sijampigia. Nasikia Shantel sasa haruhusiwi hata kusimama mlangoni.

Nitasema ukweli. Kuna siku naamini Mwende. Ningemfungia Wayua ndani, leo angekuwa hapa ananisumbua juu ya viatu. Siku nyingine naamini mtoto wangu aliuawa na ule mlango wa Mtito Andei. Siku nyingi naamini yote mawili, na hizo ndizo mbaya zaidi.

Sasa, asubuhi ya leo. Nikiwa pale jikoni na hasira zangu, Mutanu akaingia. Ana miaka minane. Tangu mwezi wa nne hajavuka geti ila kwenda shule na kanisani, nimemshika mkono. Alikuwa mtoto wa kelele, sasa anaogopa hata jogoo. Alitaka kwenda na Chifu kuchota maji. Nikamwambia hapana, maji yanaletwa na bodaboda. Hakuondoka. Alisimama pale akikwaruza ukuta kwa kidole.

"Mwaitu, mama, mimi nilishika kamba. Wayua aliniambia nishike, nikashika. Nilifanya vibaya?"

Aiya, mtoto wangu.

Miezi yote hii. Tumelia, tumeomba, tumelaumiana, tumenunua kufuli, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia huyu mtoto kwamba alifanya vizuri. Kwake lile geti ni adhabu. Amekuwa akifikiri amefungwa kwa sababu ya ile kamba.

Nilimwambia angeachilia kamba na kushuka, ningezika wawili. Nililia mbele yake, kitu ambacho nilikuwa nimeapa sitafanya. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, akauliza tena kama anaweza kwenda.

Nilimpigia mama yangu, siku hizi anakaa kule juu milimani mto unakotoka. Nikamuuliza kama kumenyesha. Akacheka, akasema huko hata wingu hawajui linafanana na nini, ni vumbi tu. Siku ile hakuna aliyempigia. Baba Wayua akijua nilichofanya atafoka. Wacha afoke.

Nilifungua kufuli. Pale getini nikamuuliza sheria.

"Punda akikataa?"

"Na mimi nakataa."

"Na kukiwa na mtu huko kwa mchanga?"

"Namwita."

"Asipokuja?"

Aliniangalia. Ningemwambia aache mtu afe? Ningemwambia afanye kama dada yake? Akavuta kamba, Chifu akafikiria kidogo kama kawaida yake, wakaenda. Hakugeuka nyuma. Alikuwa karibu kurukaruka.

Nimekaa hapa kwa jiwe kando ya geti, naandika kwa simu ili nisimfuate. Jua limeanza kushuka na njia bado haina mtu. Mbingu ni safi kabisa, kama siku ile. Nasikiliza mpaka masikio yananiuma.

Akirudi nitampa chai na nitamsifu kwa kujaza mitungi tu, kama siku yoyote. Geti nitaliacha wazi.

Kesho pia tutahitaji maji.