Mjane Aliyerukwa kwenye Programu

Chaka,
Jumanne

Mama mpendwa,

Vipi hali yako, na goti linaendeleaje? Natumaini mvua imewafikia huko Chuka na ng'ombe amepona kwato. Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu laptopu yangu imelala tangu juzi, na wewe ukipokea simu unaiweka spika nyumba nzima isikie. Hili nataka ulisome peke yako.

Ile laptopu unaijua kwa sifa zake. Niliinunua mtumba, Nyeri mjini, na muuzaji akaapa kwamba ilikuwa ya mwalimu aliyeitunza sana. Huyo mwalimu labda alikuwa akiigongea misumari. Betri ilikufa mwezi wa kwanza, kwa hivyo haiwaki bila chaja, na chaja nayo haishiki mpaka waya ukunjwe na kukandamizwa kwa Biblia. Ukipiga chafya, inazima. Ulinionya kwamba rahisi ni ghali. Lakini ndiyo inayonilisha, maana kukiwa na msiba hapa Chaka, mimi ndiye ninayechapa, hapa dukani kwangu, programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na wasifu wa marehemu.

Wiki mbili zilizopita alifariki mzee Nderitu, mkulima wa viazi. Mwanawe mkubwa, Wachira, aliniletea wasifu: mzee alikuwa mume wa marehemu Wairimu, mama yake Wachira, na baba wa watoto watano. Nikauchapa. Mke wa pili, Mama Njoki, aliyemuuguza mzee hadi dakika ya mwisho, hakutajwa hata kidogo, wala mtoto wake. Ukoo ukakaa kikao siku mbili. Siku ya tatu Wachira akaja dukani na Mama Njoki, uso ameukunja.

"Kawira, ongeza huyu na mtoto wake," akaniambia. "Wazee wamesema."

Mama Njoki akaketi kando yangu, akanitajia jina lake lote polepole, kisha la Njoki. Nilipomwonyesha kwenye skrini, alisoma mara mbili, akasema, "Ni sawa hivyo." Wakaenda zao.

Nilikuwa ndiyo kwanza nahifadhi, laptopu ikazima. Nikaiwasha, nikafungua faili, nikaona picha ya mzee kwenye jalada na nyimbo zote ziko. Nikamshukuru Mungu, nikachapisha nakala zote haraka kabla stima haijapotea. Ukurasa wa familia sikuuangalia. Mashine ilikuwa imenirudishia ule wa kwanza.

Huku ni kama huko kwetu: wakati wa kutia udongo, anayeongoza shughuli huita watu kwa kufuata programu. Nilikuwa pale, nimeshika nakala zilizobaki. Akaita watoto, wajukuu, majirani, hata wenzake mzee katika chama cha wakulima wa viazi. Mama Njoki alikuwa mbele na maua yake. Alifungua programu, akaifunga. Vijana wakashika sepetu, naye bado hajaitwa. Mama, ningeweza kupaza sauti wakati ule, na sikupaza. Nilitazama tu kama ninayetazama mazishi ya kwenye televisheni.

Jana Mama Njoki alikuja dukani. "Niko na swali moja tu," akasema. "Wachira alirudi nyuma yangu akakuambia unitoe?"

Nikamweleza yote, Biblia, waya, haraka yangu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Mami, kompyuta haijui watu. Haiwezi kuturuka mimi na mtoto wangu peke yetu."

Sikuwa na cha kumwonyesha, maana ukurasa wenye jina lake haupo popote. Nikampigia Wachira nikimsihi aje amwambie kwamba hakurudi kuniambia nimtoe. Akacheka.

"Ati nije? Wacha ikae hivyo. Pengine ni Mungu alizima hiyo mashine yako."

Simu yangu ina sauti kubwa. Mama Njoki alisikia kila neno, akafunga vifungo vya sweta yake, akatoka.

Nimezungumza na mzee wa kanisa lao. Jumapili, wakati wa matangazo, atanipa nafasi nisimame niseme kwamba ukoo ulimkubali Mama Njoki, na ni mimi niliyemruka. Wachira amesikia. Amesema nikithubutu, hakuna mtu wa ukoo wao atakayeniletea kazi tena. Nimemwambia sawa.

Msalimu Baba, asiache dawa ya kifua katikati. Msalimu shangazi anayeuza ndizi na umwambie za huku hazina ladha. Mdogo wangu anayengoja matokeo ya mtihani, mwambie asiache kula.

Sijalia tangu siku ya mazishi, Mama. Nakula, nalala, naamka, nafungua duka. Niombee Jumapili. Usiombe nisiogope, kwa sababu siogopi. Omba nikilitaja jina la yule mama mbele ya watu, nisikie uchungu.

Ni mimi binti yako,
Kawira