Moyo wa Baba Ukikimbia

Kaka Renante,

Hujambo huko melini? Mwanangu anaota meno, silali.

Jana Baba alipimwa moyo mjini Iloilo, kwa ultrasaundi kama ile ya mimba. Akiwa amelala, moyo mzima. Wakamkimbiza juu ya mashine ya mazoezi, wakatazama tena: upande mmoja unazembea. Daktari anasema damu haifiki vizuri, huenda mshipa umeziba. Nimechanganyikiwa, kaka. Moyo ni uleule! Nimwamini Baba yupi, aliyelala au aliyekimbia?

Baba akacheka: "Basi dawa ni kutokimbia, binti."

Lakini kila asubuhi anapandisha matofali ya nyumba anayokujengea, na hospitali harudi mpaka paa liezekwe. Mimi hanisikii. Mpigie leo. Mwambie huitaki tena hiyo nyumba, hata kama unaitaka.

Mdogo wako,
Marivic