Suruali ya Mwalimu

Shoga, upo? Kaa chini kwanza 😂

Unamkumbuka yule mwalimu anayemletea shangazi yangu suruali ileile kila wiki, eti ampunguzie kiuno? Si tulisema ni kisingizio tu cha kuja kumwona fundi! Shangazi mwenyewe hata cherehani hagusi. Anaipiga pasi, anamrudishia, wanacheka.

Leo mwalimu kasimama aage, suruali aliyovaa ikamshuka mpaka magotini. Mbele ya wateja! Nimecheka mpaka machozi.

Shangazi hakucheka. Kachukua futi, kampima kiuno. Kapima tena.

"Mwalimu, umekonda hivi tangu lini?"

"Si kila wiki nakwambia inanipwaya?"

Shoga! Kumbe mtu alikuwa anasema kweli!

Shangazi kafunga duka, tukampeleka hospitali. Ni sukari, imepanda vibaya, ila wamesema tumewahi.

Sasa nesi anauliza, "Mama, wewe ni nani wake?"

Shangazi, bila hata kupepesa macho: "Mke wake."

MKE WAKE, shoga!

Mwalimu kamgeukia nesi taratibu. "Sista, hebu nipime na presha."