Mikokoni bila Mabuti

Mama Furaha, jirani yangu mpenzi,

Nakuandikia kutoka Durban, tope likinikaukia magotini. Saluni kwako, mtaani kwetu Yeoville, ulinicheka niliposema nitaingia topeni na wanafunzi: "Bibi, miaka arobaini ya lami! Utazama, wanafunzi wakuvute kwa kamba."

Leo maji yalipokupwa, darasa la mjukuu wangu Zuhura liliingia mikokoni kuhesabu miche. Wote walinasa na mabuti yao, hata mwalimu. Mimi nilivua viatu, nikakanyaga karibu na mashina, penye mizizi mingi, kama mama alivyonifundisha Kilwa tulipofuata kaa. Nilivuka wa kwanza. Nyuma yangu Zuhura, ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, akapiga kelele: "Bibi, nisubiri!"

Sikusimama mpaka aliporudia.

Wasalimie wateja, uwaambie kamba ilimvuta mwalimu.

Wako akupendaye,
Bibi Mwanaidi